Shangazi wa Chumba cha Vipimo na Taa Yangu ya Kijani

Ijumaa hii, tarehe 28, Shangazi wa chumba cha vipimo anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha vioo vya kuonyeshea namba kwenye mashine kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Kamati ya jarida ilimwomba mhandisi mkuu wa saketi amwandikie wasifu. Masikini kamati haikujua kwamba inampa mwizi kazi ya kumsifu aliyeibiwa. Mwandishi ameona heri aseme mwenyewe kabla Shangazi hajarudisha funguo, kwa hiyo humu mna sifa na mna ungamo.

Shangazi aliajiriwa kufuta vumbi kwenye vioo vya mizani. Kulehemu alijifunza kwa kutazama, hadi fundi mmoja alipochoka kutazamwa akamkabidhi pasi ya kulehemu. Kufikia mwaka wa sita, wahandisi wenye vyeti vya kujaza ukuta walikuwa wanampelekea saketi zao kama wagonjwa, naye akiziwekea mita na kuwaonyesha zinapoumwa. Mwandishi alikuwa mmoja wa wahandisi hao, na vyeti vyake vilikuwa na fremu.

Umeme ukipotea bure, Shangazi huumia kama mtu aliyeona maji yanamwagika. Huzima taa za korido, feni za ofisi zisizo na mtu, na mara nyingine hata za ofisi zenye watu wasiofanya kazi. Mkurugenzi aliwahi kuzimiwa taa akiwa chooni, akatoka akipapasa ukuta. Shangazi alimwomba radhi kwa adabu zote, kisha akaizima tena.

Miaka tisa iliyopita tulipewa kazi ya kutengeneza kioo cha kifaa cha kupima mapigo ya moyo, kile ambacho wauguzi hubeba wakienda kuwaona wagonjwa nyumbani. Betri ilitakiwa idumu saa kumi mfululizo. Yetu ilikata roho kabla hata ya nane, na mteja akatupa miezi sita tu ya kujirekebisha.

Wakati huo mwandishi na Shangazi walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja, kwenye meza yake, kati ya mita na makopo ya skrubu. Siku moja, huku akitafuna, Shangazi akauliza kwa nini saketi inaichora namba ileile mara sitini kila sekunde wakati namba yenyewe haijabadilika. Chumba ukishakifagia, alisema, hukifagii tena mpaka kichafuke. Mwandishi alicheka. Kesho yake akaingia kikaoni na kueleza kwamba saketi ipumzike namba isipobadilika, wazo ambalo, alidai, lilimjia akiwa anaoga. Alipigiwa makofi, na Shangazi naye alipiga.

Tulijenga saketi hiyo kwa miezi mitano. Kwenye karatasi ilikuwa tamu, lakini kwenye meza betri iliendelea kufa mapema kama zamani. Mwandishi alilaumu betri, akalaumu waliotuuzia betri, akalaumu mita, na mwishowe akamlaumu anayesoma mita. Shangazi aliivuta saketi karibu. Alianza kung'oa vipande kimoja kimoja na kupima kila alipong'oa, taratibu, kama anayechambua mchele, hadi akafika kwenye kitaa kidogo cha kijani pembeni mwa kioo.

Kitaa hicho mwandishi alikuwa amekiweka kwa mkono wake, ili kiwake kila saketi inapopumzika na wageni waone jinsi tunavyookoa umeme. Tulikuwa tumeokoa miliampia sita za umeme. Taa ya kuutangaza wokovu huo ilikuwa inakula saba. Shangazi aliitoa, akaiweka kiganjani mwa mwandishi, na betri ikadumu saa kumi na nusu.

Ndipo ikaja fomu ya cheti cha ubunifu. Ilikuwa na mistari minne ya majina. Mwandishi alijaza mmoja, jina lake, na mitatu akaikata kwa kalamu, labda kwa kuwa idara yetu ni ya kubana matumizi. Cheti kikatundikwa mapokezi. Ili asimtazame Shangazi usoni, mwandishi akahamishia chakula chake cha mchana ofisini, akisema ana kazi nyingi. Hakuwa na kazi nyingi.

Jumatatu iliyopita alikwenda kwa mkurugenzi akasema yote. Rekodi imesahihishwa: wazo ni la Shangazi, ugunduzi wa kasoro ni wa Shangazi, na kasoro yenyewe ni ya mhandisi mkuu. Kisha akaenda chumba cha vipimo kumpa taarifa, kifua mbele, akitarajia machozi.

Nimechoka kujiita mwandishi; hapa niseme mimi. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho huku akifunga waya wa mita yake. Akasema cheti hakikuwahi kumkosesha usingizi, maana jina lake analijua. Kilichomuuma, alisema, ni kwamba nilichukua wazo kisha nikachukua na mwenzake wa kula naye, na miaka tisa amekula peke yake akidhani amenikosea.

 Nimehesabu miliampia maisha yangu yote, na hilo sikuliona.

Shangazi, unisamehe. Kwa niaba ya wote uliotufundisha na kutuzimia taa, asante. Nenda na afya, na furaha, na watu wengi mezani. Jana na leo umenikaribisha tena kwenye meza yako, na tumebakiwa na mchana mmoja. Kesho, Ijumaa, nitawahi.