Utepe Mweusi Juu ya Taa

Dada mmoja, dereva wa teksi, alikuwa amepanda basi kwa sababu gari lake lilikuwa gereji tena, na njia nzima alikuwa akinung'unika. Aliyeketi naye kiti kimoja, fundi mwenye mikono ya grisi, alifanya kosa la kumwambia pole.

"Pole ya nini, kaka? Wamenibadilishia sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa injini, mara mbili, na taa ya injini bado inawaka! Hakuna aliyepima kama umeme unafika kwenye hita yake. Kama waya umekatika, hiyo sensa mpya itapashwa moto kwa dua?"

"Si kompyuta ndiyo iliyosema sensa, dada?"

"Kompyuta ilisema saketi ya hita! Kwani waya si sehemu ya saketi? Chomoa plagi ya sensa, pima umeme kwa mita, basi. Uvivu tu!"

"Unajipa presha bure. Ziba hiyo taa kwa utepe mweusi, maisha yaendelee. Hata za basi hili nimeziziba mimi."

Dada akanyoosha shingo kutazama dashibodi. Kweli, utepe ulikuwepo, na kipande kimoja kilikuwa mahali pa taa ya onyo la breki. Mbele, barabara ilianza kuteremka.

"Dereva, taa ya breki imezibwa, nishushe hapa hapa!"

Kila mtu ndani ya basi akasikilizia breki.