Padre Laurenti wa Kwemdoe, Aliyezika Wasio na Wafiwa

Marehemu Padre Laurenti alizaliwa mwaka 1919 katika kambi ya manamba, wale vibarua waliotoka mbali kukata mkonge, karibu na Makuyuni, Korogwe. Siku haijulikani, wala kabila. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake, Rosa, naye alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Siku ya kumzika, mnyapara alisimama kaburini akauliza kama ilivyo desturi, "Wafiwa ni akina nani?" Watu wakatazamana. Mtoto akanyoosha mkono.

"Shusha mkono wewe. Nauliza watu wazima."

Wakafukia. Marehemu alikuwa akisema mkono ule haujawahi kushuka sawasawa.

Alilelewa misheni, akasoma hapo hapo, akaingia seminari, na akapewa upadre tarehe 8 Desemba 1950. Alijua Kilatini, Kizigua, Kisambaa na kutia viraka. Kupika hakujaliwa. Fisi mmoja aliingia jikoni mwake akaung'ata ugali, na kesho yake akaonekana Segera akiwa hana jino hata moja. Mashahidi walikuwepo, ila wengi wao wamekwisha kufa.

Aliletwa hapa Kwemdoe, Handeni, mwaka 1953. Watu wa hapa ni Wazigua, tena Waislamu, na waumini wake hawakujaza mabenchi mawili. Akimaliza sala ya jioni alikaa barazani peke yake, anaangalia moshi wa majiko ya wenzake. Shikamoo alipewa nyingi, mzaha hakupewa na mtu. Mzigua ana mtani wake Mnyamwezi: wakikutana njiani hunyang'anyana kofia na kutukanana mpaka wachoke, na mmoja akifa mwenzake huja kukaa juu ya udongo wa kaburi, haondoki mpaka wafiwa wamwangukie. Sasa mtu asiyejua kabila lake atataniwa na nani?

Siku hizo mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, na wazee waliogopa kwamba ataleta vifo katika ukoo. Mama yake hakuwa na kauli. Mwaka 1954 mmoja wao aliachwa ndani ya kapu kwenye njia ya kisima cha misheni, ana hirizi shingoni. Padre alimnyanyua, akamfunua mdomo, akachungulia.

"Meno mazuri haya. Huyu atauweza ugali wangu."

Akamwita Kudra. Kwa ile hirizi alitambua kwamba ni mtoto wa Waislamu, na umri ulipofika alimshika mkono mpaka chuo cha Kurani kwa Mwalimu Kibwana, akamsubiri nje, juani, mpaka masomo yaishe. Habari zikatembea. Wakaletwa mapacha, wakaletwa vigego wengine, wakaletwa watoto wa manamba waliokimbiwa. Si wote waliopona, maana surua ilikuwa haina huruma. Kila alipomzika mmoja aliuliza kwa sauti, hata kama kaburini yuko yeye na mchimbaji tu: "Wafiwa ni akina nani?" Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Mimi hapa."

Kuhusu ndoa, hakuoa, kwa nadhiri yake. Ila Bibi Hamisa, mjane wa hapa hapa, alipita siku moja na kikapu cha mchicha akamkuta anamnywesha mtoto uji.

"Wee Padre! Umejifungua lini, na tumbo hatukuliona?"

Padre aligeuka nyuma kutazama nani anaambiwa. "Karibu, mama."

"Sikaribii kwa Mnyamwezi."

"Mimi sijui ni nani, mama."

"Mimi najua. Baba yako nilimwona kwa macho yangu. Alitoka Tabora kwa miguu, ngoma kichwani, akavuka Wami mamba wakimpisha na kumwamkia. Pua yake ndiyo hiyo unayoitembeza."

Baba huyo anakufa, Bibi Hamisa alikuwa hajazaliwa. Padre alipiga hesabu, akaendelea kunywesha uji. Kesho yake alionekana mlangoni kwa Bibi Hamisa, kofia mkononi.

"Mama, ile ngoma ilikuwa ya namna gani?"

Tangu hapo alikuwa Mnyamwezi.

Mwaka 1974 watu wote walipohamishiwa kijijini, katibu, Ndugu Sadala, alisema viwanja ni vya kaya, na watoto wasio na wazazi wagawanywe kwa wenye kaya. Padre alisimama tu, mkono umepanda juu kama wa mwanafunzi. Bibi Hamisa ndiye aliyesema.

"Mnyamwezi huyu ana watoto wake, mtani wake nashuhudia. Ukimnyang'anya, Ndugu Katibu, nahamia kwako. Na mimi nakula!"

Sadala alicheka, akawapimia kiwanja. Kaya ya Padre Laurenti ikaandikwa.

Lakini watoto hukua wakaenda. Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, na Machi hii alilazwa hospitali huko Korogwe. Muuguzi aliuliza ndugu wa mgonjwa ni nani. "Andika hakuna," Padre akajibu, asijue kwamba Kudra amerudi na uji na amesimama nyuma ya muuguzi. Baadaye alimshika Kudra kidole.

"Wale wadogo niliwanyooshea mkono mimi. Mimi nani ataninyooshea?"

Alifariki tarehe 22 Machi 1979, alfajiri.

Ameacha watoto: Kudra, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, Rosa wa Masuguru, aliyepewa jina la mama wa marehemu, Matayo, Chausiku, na wengine waliosimama kule nyuma karibu na ua, wakidhani hawahesabiki. Ameacha pia mtani mmoja, Bibi Hamisa, ambaye hivi sasa amekaa juu ya udongo wa kaburi, majembe ameyakalia, na ameapa hatanyanyuka kwa kuombwa na padre wala katibu. Anawataka wenye Mnyamwezi wao.

Basi tunauliza, kama yeye alivyokuwa akiuliza: wafiwa ni akina nani?

Nyoosheni mikono. Juu zaidi, mama mtu aone kutoka Makuyuni. Msishushe mpaka mkono wake nao ushuke.

Apumzike sasa Baba Laurenti. Ana watu.