Fundi Muhidin na Dainamo ya Mama Jenifer

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Hapa ni Same, na mimi ni Saada wenu, yule asiyejua kunyamaza pale anapotakiwa kunyamaza. Leo tunamkumbuka Fundi Muhidin Mrutu. Fundi Muhidin, fundi umeme wa magari, alifariki Jumatano ya wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Alizikwa kwao Kihurio, Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri.

Tangu siku ile simu yangu haipoi, na swali ni moja. Lile gari la kijani lililokuja msibani, lile dogo la mgongo wa mviringo, ni la nani? Na kwa nini lilikuja na taa zimewashwa mchana, jua la Kihurio likichoma namna ile? Hata mimi nililiona nikashangaa. Kuuliza si ujinga, basi nikaenda kuuliza.

Nilianza kwa Sumaiya, binti wa marehemu, ambaye ni mwalimu hapa mjini. Akanipa historia kwanza. Fundi Muhidin alizaliwa Kihurio, kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga. Ufundi aliupata Moshi, kwenye gereji ambako mwaka wa kwanza alishika ufagio tu. Mwaka 1979 akarudi Same, akafungua banda nyuma ya stendi. Hakulihama banda lile hadi mwisho.

"Baba akifungua dainamo lazima akuonyeshe ndani," Sumaiya aliniambia. "Hata kama hutaki. Nimeshavaa, nawahi shule, ananiita, njoo mwanangu uone kaboni zilivyokwisha."

Nikamwambia, Mwalimu, mimi dainamo yenyewe siijui. Akanicheka, halafu akanifundisha. Dainamo huzungushwa na mkanda wa injini, nayo huzalisha umeme wa kujaza betri. Ndani mna vipande vya kaboni vinavyosugua shaba, na vinalika kama soli ya kiatu. Sasa sikilizeni hili. Zile Volkswagen za zamani hazina maji kwenye injini. Zinapozwa kwa upepo tu, na feni ya upepo huo imefungwa kwenye dainamo hiyohiyo. Dainamo ikikwama, feni nayo inakwama, na injini inaungua. Nilirudi studio nikiwaza hilo njia nzima, nikapitiliza hata duka la mkate.

Gari la kijani, wasikilizaji wapendwa, ni Volkswagen ya namna hiyo, la Mama Jenifer Mjema wa Mbaga, mkunga mstaafu. Aliliacha marehemu mumewe, Mwalimu Zebedayo. Watoto tisa wamezaliwa kiti cha nyuma cha gari lile, kwenye kona za kushukia hospitali. Narudia, tisa.

Miaka sita iliyopita betri ya gari lile ilianza kulala, asubuhi haina umeme. Mama Jenifer alikuwa na miaka sabini na mitano, magoti hayataki tena pikipiki. Bila gari lile, asingeshuka mlimani. Kliniki yake ilikuwa huku Same, na marafiki zake wengi wako Kisiwani, kijiji kile cha chini ya mlima. Angebaki juu, akiangalia ukungu.

Fundi Muhidin akafungua dainamo. Kaboni kweli zilikuwa zimekwisha, akaweka mpya. Baada ya wiki mbili, betri imelala. Akapeleka shaba ikakerezwa, akabadilisha beringi. Wiki mbili, betri imelala. Mara ya tatu akatoa hukumu mbele ya stendi nzima.

"Mama, dainamo hii imekufa. Tuitoe, tufunge oltaneta."

Oltaneta inafanya kazi ileile kwa nguvu zaidi. Lakini ya gari lile lazima ikubali kubeba feni, na ya namna hiyo ilibidi iagizwe nje, miezi. Gideoni, mtoto wa Mama Jenifer aliyeko Dar es Salaam, akasema basi. Mama, gari lina umri mkubwa kuliko mimi. Mwenye hoteli mmoja Arusha alilitaka, aliweke getini na kulijaza udongo apande maua. Angekuja kulichukua mwisho wa mwezi.

"Baba alikosa raha," Sumaiya alisema. "Kila alipoifunga mezani ilikuwa inazalisha umeme vizuri. Akawa anasema, mezani nzima, mlimani mgonjwa. Kuna kitu sijauliza."

Siku nne kabla ya mwisho wa mwezi, Fundi Muhidin akapanda Mbaga na dainamo ileile, akaifunga kwenye gari. Akamwamkia Mama Jenifer, akaomba kitu kimoja tu, apakiwe kama abiria hadi Kisiwani. Wakaondoka. Ukungu ulikuwa mzito, Mama Jenifer akawasha taa. Walipofika mteremko unapoanza, akatoa gia, akageuza ufunguo, injini ikanyamaza. Kisha akaurudisha hatua moja ili taa zisizimike.

"Mama, mbona umezima?"

"Petroli, mdogo wangu. Huku sote tunashuka hivi. Mwalimu Zebedayo alinifundisha mwaka uleule tuliolinunua gari."

Fundi akatafuta kwenye dashibodi ile taa nyekundu inayowaka dainamo isipofanya kazi. Hakuiona.

"Taa nyekundu iko wapi, Mama?"

"Nimeibandika plasta. Ilikuwa inanitia wasiwasi."

Na kweli ilikuwa plasta ya kidonda, imekatwa kwa mkasi, safi kabisa. Mkunga ni mkunga. Fundi Muhidin alicheka hadi akafuta machozi, Mama Jenifer ndiye aliyenisimulia. Halafu akamwambia maneno ambayo Mpare yeyote mwenye shamba angeyaelewa.

"Mama, betri ni ndiva, bwawa letu la maji ya shamba. Dainamo ni kijito kinacholijaza. Ukizima injini umeziba kijito, na ndiva umeiacha wazi inanywesha taa. Asubuhi utakuta nini?"

"Nitakuta tope," Mama Jenifer akajibu. Akawasha injini, akatia gia ya pili, wakashuka ikinguruma. Fundi akaibandua plasta mwenyewe. Taa nyekundu ilikuwa imezimika.

Hapo angeweza kunyamaza, wasikilizaji wapendwa. Mafundi wetu tunawajua, na sisi watangazaji msituulize. Nani angejua? Lakini jioni ile alisimama stendi, mahali palepale alipotolea hukumu, akampigia Gideoni simu watu wakisikia. Sumaiya alikuwepo.

"Mwanangu, dainamo ya mama yako ni nzima. Mimi ndiye niliyekosea. Nimeipima mezani mara tatu, sikuipima njiani. Usiuze gari la mama kwa kosa langu."

Gideoni akasema atamwambia yule wa Arusha apande maua yake kwenye ndoo. Gari likabaki Mbaga. Dainamo ileile inazunguka hadi leo.

Kwa Bi Sharifa, mjane wa marehemu, kwa Sumaiya na ukoo wote wa Mrutu pale Kihurio, tunawapa pole nyingi. Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi Muhidin. Nasi tuliobaki tujiulize. Ni nani tumeshamwambia amekufa, hafai, atolewe, na hatujawahi kupanda naye hata safari moja tukaona anashukaje?

Jumapili nilimfuata Mama Jenifer Mbaga. Sasa ana miaka themanini na mmoja. Nikamuuliza lile swali lenu la taa. Akaniambia kule juu kulikuwa na ukungu alipoondoka, na huku chini aliziacha zikiwaka kwa makusudi. Alitaka amfikie Fundi taa zikiwaka na ile nyekundu imelala, kama alivyomfundisha.

Nikamuuliza kama njiani hakuzima injini hata mara moja. Mteremko wote ule, na petroli ilivyo ghali?

"Njiani sikuzima," akasema. "Nilifika jeneza linatoka nyumbani. Nikasimama pembeni. Lilipopita mbele ya gari, ndipo nikazima."