Mshikio wa Mzee Bawaba

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufungua, kufunga na kubishana na milango, Mzee Bawaba anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Anaondoka na goti moja bovu na ubishi wake wote ukiwa mzima. Kamati imeniomba mimi niandike maneno haya kwa sababu nimefanya naye kazi karibu, na kwa sababu, wamesema wenyewe, nikinyimwa kuandika nitasimama niseme, na hapo watu watakula chakula kilichopoa.

Kwa wageni wetu wa leo: karakana hii inakodisha karavani, yaani vile vyumba vya kulala vyenye magurudumu vinavyovutwa nyuma ya gari. Wanazichukua watengeneza barabara, wapima ardhi, wauguzi, na yeyote anayetumwa kazi mahali pasipo na nyumba. Kuna fundi wa matairi, kuna fundi wa umeme, kuna wa breki. Mzee Bawaba alikabidhiwa mlango. Mtu anaweza kuuliza, mlango mmoja tu kwa kila karavani, hiyo nayo ni kazi ya kummaliza mtu miaka?

Anayeuliza hivyo hajawahi kuivuta. Mimi nimezivuta, na bila kujisifu, hakuna dereva hapa aliyezifikisha nilikozifikisha. Nimepandisha karavani kwenye mlima ambao mbuzi wanaupanda kwa zamu. Kila shimo la barabara linaikunja fremu ya mlango kidogo. Ikipinda upana wa ukucha tu, ulimi wa kitasa haufiki kwenye tundu lake, na mlango unajifungulia wenyewe njiani. Mwaka mmoja Mzee alikuwa likizo, karavani ikatoka bila kupita mikononi mwake. Nilifika kambini sina godoro hata moja. Lori lililokuwa nyuma yangu lilifika na mawili, na dereva wake anaapa mpaka leo kwamba yalishuka kutoka mawinguni.

Mwenyewe alianza kila mlango kwa karatasi. Anaibana mlangoni, anafunga, kisha anaivuta taratibu. Ikichomoka bila ugomvi, mpira wa pembeni umechoka na mvua itaingia. Halafu anakaza skrubu za bawaba, moja baada ya nyingine, hata zile alizokaza juzi. Hizo bawaba alizitia mafuta, lakini kitasa alikitia unga wa penseli peke yake, maana mafuta yanakamata vumbi, na vumbi likishakaa humo ufunguo unagoma. Siku aliyomkuta fundi wa breki anamimina mafuta ya kupikia kwenye kitasa, alimwuliza kwa upole kama anakusudia kukikaanga.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo ni mshikio, ule mkono wa chuma ulio ubavuni mwa mlango, unaoushika ukipanda ngazi. Karavani zilikuja na mshikio wa kimo kimoja kwa watu wote. Mzee hakukubaliana na jambo hilo. Alisema mtu akipanda amechoka hatafuti mshikio kwa macho, anautafuta kwa mkono, na mkono una mazoea yake. Basi akabuni utaratibu. Atakayelala kwenye karavani anapakwa chaki kiganjani, anaambiwa apande kama anavyopanda kwake, bila kufikiria. Mkono ukijigusisha ukutani unaacha alama. Hapo ndipo mshikio unapokaa. Mpangaji akibadilika, mshikio unahamishwa, matundu ya zamani yanazibwa kwa silikoni hadi tone la maji lisipate njia. Karavani zetu kongwe zina matundu yaliyozibwa ubavuni, yamepangana kama ya filimbi, na ukijua historia unaweza kusema hapa alikaa mpima ardhi yule mrefu, hapa muuguzi mwenye bega linalouma.

Meneja hakupendezwa. Matundu yanashusha bei ya kuuzia, alisema, na akaagiza kimo kirudi kuwa kimoja. Mzee Bawaba alitii kwa namna yake, yaani alitii huku akisema. Wiki ya pili tukapokea mpishi wa kambi ya barabara, mwanamke mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Alipanda na sufuria tupu mkono mmoja, mkono wa pili ukapapasa ukuta, ukakosa. Akarudi chini kwa makalio, na sufuria likaendelea na safari mpaka getini. "Hiki chuma mmemwekea twiga?" aliuliza akiwa bado ameketi pale chini. Meneja aliyasikia yote kutoka dirishani. Agizo lile halikufutwa rasmi, ila kesho yake boksi jipya la chaki lilikutwa juu ya benchi la Mzee, na hakuna aliyesema limetoka wapi.

Sasa niseme la mwaka huu. Goti lilipoanza kumsumbua, tulimwona akipanda ngazi za karavani kwa upande, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Ukimpa mkono, anauangalia ule mkono kana kwamba umemletea deni la mtu mwingine. Kamati ilipomwuliza anataka zawadi gani, alijibu kwamba anataka aachwe. Shemeji yetu, mkewe, ndiye aliyetuvuta pembeni. Nyumbani kwao kuna ngazi tatu za saruji mlangoni na pembeni ukuta mtupu. Mzee anapanda akiukwangua ukuta kwa kucha. Mshikio amekataa kuweka, anasema ni wa watu wanaohama. Shemeji akasema, "Mimi nikiwa sokoni na yeye yuko pale peke yake, sinunui kitu kwa akili."

Kwa hiyo wiki iliyopita, Mzee akiwa hapa anakabidhi vifaa, tulikwenda kwake tukafunga mshikio. Kipimo nilitoa mimi, kwa jicho. Nimemwona mtu huyu akipanda ngazi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, ningehitaji chaki ya nini? Skrubu zilikaza vizuri, tukaondoka kabla hajarudi. Kesho yake kazini aliendelea kukabidhi vifaa. Shemeji naye tulipompigia alisema yeye hayumo, tuje tuone.

Nilikwenda Jumapili. Mshikio haukuwepo pale tulipouweka. Ulikuwa chini ya hapo, upana wa vidole vinne kamili. Matundu yetu yamezibwa na kulainishwa, ukipitisha kidole hujui kama palitobolewa. Na kwenye ukuta, nyuma ya chuma, alikuwa hajaifuta alama nyeupe ya kiganja.

Jicho langu halikukosea, hilo liandikwe. Lilimpima vizuri kabisa yule tuliyeanza naye. Huyu wa leo amepungua kimo kwa vidole vinne, na sisi tuliokuwa naye kila siku hatukuona alipovipoteza. Vimebaki hapa, kwenye milango yetu.

Mzee wetu, kwa kila safari iliyofika na magodoro yake, na kwa kila mkono uliokuta kitu cha kushika, karakana nzima inakushukuru. Tunakutakia siku nyingi za kupanda na kushuka ngazi zako tatu bila haraka, afya njema, na chai iliyokwisha miminwa ukiingia. Goti likikudai zaidi, chaki ipo. Na tukija kukutembelea, tutapandia hapohapo.