Miaka Minane ya Kusemezana kwa Kabati

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha lugha ya Kikaro hapa mjini Kabanjahe, Mwalimu Ngapuli Sembiring anastaafu. Jina hilo limeandikwa na Mwalimu Mkuu kwa mkono wake. Mimi ni mkazamwana wake, na kwetu Wakaro mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, wala hasemi naye ana kwa ana. Kamati ya kumuaga ilijua hayo yote, ikanibebesha kazi hii ya kumwandikia maneno ya kwaheri vivyo hivyo.

Alianza kazi akiwa na suruali moja na sentensi mbili. Ya kwanza: Mama amechuma machungwa. Ya pili: machungwa yamechumwa na Mama. Hizo mbili amezifundisha mpaka ubao ukapauka. Mkaro, husema, hupenda kutanguliza machungwa. Mama anaweza kungoja, au asitajwe kabisa.

Darasa moja lilimwelewa kupita kiasi. Aliacha mezani samaki wake wa arsik, aliyepikwa kwa viungo, akarudi akakuta miiba. Wanafunzi arobaini wakasimama kwa adabu, wakimwita Pak, yaani Bwana: “Samaki ameliwa, Pak.” Akawapa alama zote za muundo, kisha akaiomba sentensi ileile katika kauli ya kutenda. Mmoja wao leo ndiye Mwalimu Mkuu, na sentensi bado tunaingoja.

Nilipoajiriwa, mimi naye tuligombania sarufi kutwa nzima, raha mustarehe. Mwaka uliofuata nikaolewa na mwanawe, nikampoteza mgomvi wangu. Tangu hapo tunasemezana kupitia kabati la ofisini.

“Kabati,” husema yeye, “waliosahihisha mitihani waambiwe wamegawa alama kama pipi.”

“Kabati,” najibu mimi, “wenye shaka watafute miwani yao kwanza.”

Wageni wanaopita hufikiri tumerukwa na akili.

Mwaka juzi walikuja wakaguzi kuamua kama kipindi cha Kikaro kifutwe. Nilisimama mbele yao, ulimi ukateleza, nikatangaza kwamba Mama amechumwa na machungwa. Wakaguzi wakaanza kufunga mafaili. Yeye alikuwa mlangoni. Akakohoa, akaligeukia dirisha.

“We dirisha, huyo anayefundisha ndiye mwalimu bora niliyewahi kufanya naye kazi. Aambiwe avute pumzi, aanze upya.”

Nikavuta pumzi, nikaanza upya. Kipindi hakikufutwa. Jioni nilitaka kumshukuru, nikasimama mbele ya kabati, nikaona neno lile si la kuambiwa mbao. Nikaenda zangu nyumbani, na hadi leo sijalisema.

Kesho kwenye jambur, ukumbi wetu wa sherehe, wenzangu wote watamshika mkono. Mimi nitakuwa upande wa pili wa ukumbi na kipande changu cha cimpa, keki ya unga wa mchele. Kamati inataka nimalizie kwa kumwambia waziwazi: “Wewe, ishi salama.” Haiwezekani.

Basi wewe karatasi, nisikilize, maana yeye atakusoma. Mwambie wafanyakazi wote wanamshukuru na wanamwombea maisha mema, yenye kahawa nyingi na wakaguzi wachache. Mwambie kipindi chake kiko mikononi mwangu na ninaogopa, lakini Jumatatu nitaingia darasani. Na lile la dirishani, mwambie nililisikia lote. Ni mimi, Malemta, ninayemshukuru.