Mzee Mshale Anatuachia Chumba cha Turbo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Mshale anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na moja. Wateja wengi hudhani jina hilo alipewa kwa urefu na wembamba wake. La hasha. Alipewa kwa ajili ya mshale wa dashibodi, ule unaoonyesha mizunguko ya injini, ambao ameutazama kuliko alivyowatazama watoto wake. Hayo ni maneno ya mkewe, si yangu mimi karani wa kaunta niliyetwikwa kazi ya kuandika ukurasa huu.

Aliingia hapa kwa geti la nyuma, kazi yake kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Enzi hizo mteja aliyetaka gari lake la kasi lifungwe turbo tofauti na ya kiwandani alielekezwa rafuni akajichagulie, na wote walichagua kubwa. Kwa wenzetu wa uhasibu ambao hawajawahi kuchafua viatu kwetu: turbo ni magurudumu mawili madogo kwenye mhimili mmoja. Moshi wa eksozi huzungusha la kwanza, la pili huishindilia injini hewa. Turbo kubwa ina pumzi nyingi lakini huchelewa kuamka. Ndogo huamka mapema na kuchoka mapema. Ukikosea kuchagua, umenunua chuma cha kujivunia tu. Magari mengi tuliyoyatoa kwa mbwembwe asubuhi yalirudi jioni yakivutwa kwa kamba.

Mzee Mshale ndiye aliyeukomesha mchezo huo. Alipopandishwa cheo kuwa fundi, alibandika ukutani ramani ya kila turbo tunayouza, karatasi yenye miviringo iliyofuatana kama kitunguu kilichokatwa katikati. Ndani ya mviringo wa katikati turbo hufanya kazi bila kuhangaika. Ukitoka sana kushoto, hewa inarudi nyuma na kuipiga. Ukitoka sana kulia, inazalisha joto tupu. Alipiga hesabu za injini ya mteja, akaweka nukta zake kwa penseli, na nukta zikiangukia pabaya hakuuza, hata mteja apandishe sauti namna gani.

Lakini penseli ilikuja mwisho. Kwanza alipanda kiti cha abiria, akazima redio, akapandisha kioo, akakunja mikono kifuani na kumwomba mteja aendeshe vile anavyoendesha asipotazamwa na mtu. Kisha macho kwenye mshale. Njia yake ilikuwa ileile daima, kupanda mlima hadi juu na kurudi, na tuliapa kwamba hata akipitishwa mbele ya harusi ya bintiye asingegeuza shingo.

Kuna kijana mmoja aliyekuja kutaka turbo ya kulingana na sufuria ya shughuli, kwa kuwa rafiki yake anayo. Wakatoka pamoja. Njia nzima kijana hakuvusha mshale mizunguko elfu tatu. Kelele zote zilikuwa za mdomo. Mzee akamfungia ndogo. Kijana alinuna, akalipa kwa kununa, akaondoka kwa kununa. Baada ya wiki akarudi akicheka, kamleta kaka yake na gari la kaka yake.

Magari aliyoyaandaa yametuletea vikombe vitatu vya mashindano ya kupanda mlima. Viko juu ya kabati, na kimoja anahifadhia nati. Ukimuuliza ni cha mwaka gani atakuambia nati zake ni za namba kumi na mbili.

Kwa mafundi alikuwa na kanuni mbili, na alizirudia hadi tukawa tunazisema usingizini. Ya kwanza: tazama kiti kabla hujafungua boneti. Ya pili: turbo ni ya mguu unaokanyaga, si ya jina lililo kwenye kadi ya gari.

Aliposema anaondoka, meneja alitueleza kikaoni bila kuzunguka kwamba kama hakuna wa kuchagua turbo, chumba cha turbo kitafungwa, tubaki na breki na kubadilisha oili. Fundi wetu wa kulehemu, ambaye kazi yake yote ni kutengeneza mabomba ya kushikia turbo, alishindwa kumaliza chai. Mzee Mshale akaomba jambo moja. Gari lake mwenyewe, lile jeupe tunalolijua sote, halijawahi kufungwa turbo, maana kinyozi hajinyoi. Tulifunge sisi. Yeye angekuja kaunta kama mteja yeyote, ajibu anachoulizwa tu, asiongeze neno. Tukipatia, chumba kibaki. Meneja akakubali.

Tulijiamini kupita kiasi, na nani asingejiamini? Gari tulilikuta getini asubuhi, funguo kwa mlinzi. Mteja wetu akakaa kwenye benchi la wateja, magoti yakimfikia kidevuni. Tukamuuliza mafuta anayotumia, hali ya injini, safari zake. Akajibu vizuri: yeye na mkewe wanahamia juu mlimani karibu na wajukuu, watakuwa wakipanda na kushuka kila siku. Jinsi anavyoendesha hatukumuuliza. Tumemjua miaka yote hiyo. Huendesha kama amebeba trei ya mayai. Tukapiga hesabu, nukta zikaangukia katikati kabisa ya turbo ndogo yenye kuamka mapema. Tukapongezana, tukaifungua kutoka kwenye boksi.

Hapo ndipo mtunza stoo, dada asiyesema sana, alipomgeukia fundi wa kulehemu na kumuuliza kwa nini alilalamika wakati wa kuliingiza gari ndani. Fundi akakumbuka: alijigonga magoti kwenye usukani, ikabidi akirudishe kiti nyuma, na alitania kwamba siku hizi Mzee amefupika. Wote tulikuwa tumecheka. Sasa hakucheka mtu. Mzee Mshale ndiye mrefu kuliko sote.

Tukamuuliza ni nani hukaa kwenye kiti kile, naye akajibu. Kumbe goti lake la kushoto halitaki tena klachi. Ndiyo maana amekuwa akija kazini kwa miguu, na sisi tukimsifu kwa mazoezi. Gari ni la mkewe sasa, na mkewe ni dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Kazi yake hiyo nayo tuliijua. Mazoea yana taabu jamani.

Tukampigia simu Mama akaja. Shikamoo zetu alizipokea akiwa tayari anafunga mkanda. Fundi wa kulehemu alikaa mbele, mimi nyuma, redio tukaizima. Kuanzia mguu wa mlima hadi kileleni mshale haukushuka chini ya elfu nne, na kwenye kila kona Mama alikuwa akitueleza habari za wajukuu kwa sauti ya utulivu. Ile turbo yetu ndogo ingekata pumzi kabla ya kona ya tatu. Tuliporudi fundi alikaa chini kidogo, akaomba maji, halafu akaomba penseli. Tulihamia ukubwa mmoja juu, tukaimarisha klachi, tukaongeza kipoza hewa. Mzee akainuka kwenye benchi lake, akanunua chai ya watu wote.

Jumanne iliyopita walitoka wawili hao kulijaribu, Mama kwenye usukani, yeye upande wa abiria. Tulisimama getini tukisikiliza. Gari lilipanda mlima kwa sauti moja safi, halikukohoa wala kusita, likapotelea juu. Walichelewa, na meneja alitazama saa mpaka nikamwonea huruma. Waliporudi tulimzunguka Mzee tukisubiri kuambiwa mshale ulisemaje. Akajibu kwamba hajui, hakuutazama. Kisha akatuuliza lile bwawa kubwa kushoto mwa barabara limechimbwa lini. Lipo pale tangu kabla hajaajiriwa. Fundi wa kulehemu alifuta macho na kusingizia moshi, na meneja akaenda mwenyewe kufungua mlango wa chumba cha turbo.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha, na asante kwa kunyamaza pale tulipostahili kukemewa. Tunakupenda na tutakukumbuka kila tunapozima redio. Tunakutakia safari ndefu na Mama, afya njema ya goti, na wajukuu wa kukupokea juu kila jioni. Tazama dirishani, Mzee. Mshale tuachie sisi.