Mama Unga na Maji Aliyokuwa Akiyamwaga

Ndugu, majirani na mliofanya kazi na dada yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa hakupenda maneno mengi nitajitahidi kufupisha, ingawa kwa huyu sijui kama nitaweza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mwalimu wa shule ya msingi, akaanza darasa la kwanza Januari 1968, akaingia sekondari mwaka 1975, na Novemba 1984 akahitimu shahada ya kemia, akiwa mwanamke pekee darasani, jambo ambalo mama alilitangaza mtaa mzima mpaka tukaona haya.

Tarehe 2 Januari 1985 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika chuo hicho hicho alichosomea, katika chumba cha mwisho ghorofa ya pili, chenye sinki moja, dirisha moja na mashine ya kuzungushia chupa iliyotetemesha ukuta, na kwa kuwa kila jioni alirudi na unga mweupe wa kemikali mikononi, mtaa ulimwita Mama Unga, na wapo waliomletea nafaka wakiuliza bei ya kusaga.

Tarehe 5 Septemba 1987 aliolewa na shemeji yetu huyu, mtia rangi wa kiwanda cha nguo, wakajaliwa binti mwaka 1989 na mwana mwaka 1992, na nyuma ya nyumba yao ulipita mtaro wa maji ya kiwanda, leo bluu, kesho nyekundu, ambayo mwaka 1994 yaliibabua miguu ya binti yao, na hapo dada akaapa kuyasafisha kwa mwanga wa jua, nasi tukamcheka kwamba mume atie rangi, mke aitoe.

Kazi yenyewe ilikuwa kuibandua oksidi ya titani, unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukutani, tabaka kwa tabaka ndani ya maji, zibaki karatasi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho, ambazo jua likizipiga huivunjavunja rangi iliyomo majini, na kwa miaka mitatu alizungusha chupa, akachukua mashapo yaliyotuama chini, akamwaga maji ya juu kwenye sinki, na mashapo hayo, jamani, hayakusafisha hata tone, hadi tarehe 3 Februari 1997 mkuu wa idara alipomwandikia barua kwamba chumba kirudishwe ifikapo tarehe 30 Juni.

Asubuhi ya tarehe 11 Juni alikuwa ameshainamisha chupa juu ya sinki, jua likapenya dirishani, na ndani ya yale maji maangavu mwali ukaonekana umenyooka, kama unavyoonekana kwenye chumba chenye vumbi, akaelewa kwamba karatasi zake zilikuwa nyembamba kiasi cha kukataa kutuama, na kwamba miaka yote mitatu alikuwa akimwaga alichokitafuta na kutunza takataka, akakaa sakafuni akalia, kisha akacheka, kisha akachota maji ya mtaroni, akayachanganya ndani ya glasi na kiasi kidogo cha yale ya chupa, akayaanika dirishani, na kufikia saa tisa alasiri mkuu wa idara alisoma gazeti kupitia glasi ile, akaichana barua yake kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu Agosti 2004 maji ya kiwanda hupita kwanza kwenye mabwawa aliyoyabuni dada, yenye karatasi zile na yanayopigwa na jua, na wajukuu wake wawili huchezea kwenye mtaro ule, miguu yao mizima.

Aliugua figo kuanzia Septemba 2021, akafariki tarehe 8 Mei 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopokezana kukaa naye, na wenzake wa maabara, mlioileta ile chupa ya tarehe 11 Juni, ambayo ipo mezani hapa, na mkiimulika tochi mtauona mwali, kwa kuwa miaka ishirini na mitano imepita na karatasi zilizomo bado hazijatuama, kwa hiyo tafadhali, asije mtu akadhani ni maji matupu akayamwaga.

Umeshinda, dada. Pumzika kwa amani.